Ziwa likikosa pumzi, samaki huenda wapi?

Waya hasalimii mtu kabla hajaziona boti. Nililijua hilo tangu utotoni, nikalisahau. Nilifika Sori, kule Karungu katika Kaunti ya Migori, msimu wa omena ulipofunguliwa Agosti. Saa kumi na moja alfajiri nikamfuata ufuoni, nikamkuta amesimama, leso kiunoni, beseni tupu miguuni, macho yote majini. Nikamwamkua. Kimya. Nikadhani amenikasirikia kwa kukaa Nairobi miaka miwili bila hata simu ya maana.

"Nyathiwa, hesabu kwanza taa," akasema hatimaye.

Kama hujawahi kuona, ni hivi: omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Wavuvi huelea na taa juu ya maji, zamani karabai za mafuta, siku hizi taa za sola. Wadudu wanafuata mwanga, omena nao wanafuata, kisha wavu unavutwa. Ukiwa nchi kavu utadhani kuna mji mwingine huko majini, tena wenye stima ya uhakika kuliko wetu.

"Zikirudi mapema, zimejaa. Zikichelewa, ujue wametafuta mpaka wamechoka."

Zilichelewa. Jua lilikuwa limeshapanda boti ya kwanza ilipogusa mchanga. Waya aliingia maji ya magoti pamoja na wanawake wengine kama ishirini, akachungulia ndani, akarudi na beseni lake vilevile lilivyoenda.

Kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 kila mwaka, uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya ili wazaane na wakue. Kwa hivyo kila mtu pale alikuwa amekaa miezi minne akisubiri asubuhi kama hii, madeni yakiwa yamepangwa foleni nyuma yake. Na kila mtu alikuwa na sababu yake. Mzee mmoja alisema ni mwezi. Kijana wa boti alisema ni watu wa kokoro na nyavu za matundu madogo. Mama mmoja alisema ni Mungu, mwingine akasema ni serikali, na wote wawili wakaitikiwa.

Hakuna aliyetaja joto.

Siwalaumu. Ukisema "mabadiliko ya tabianchi" kwenye ufuo wa Sori, watu wanaangalia kama umekuja na fulana na soda za semina. Neno lenyewe limeshakuwa la watu wa magari makubwa. Lakini nilikuwa nimesoma mambo kadhaa kuhusu hili ziwa (nina muda, chuo niliacha, simu ninayo), na kadiri nilivyokaa na Waya, na baadaye na binamu yangu kule Mbita, ndivyo nilivyoona kwamba wanayoyalalamikia na yale ya wanasayansi ni kitu kimoja kinachosemwa kwa lugha mbili.

Hebu tuanze na beseni.

Weka beseni la maji juani tangu asubuhi. Saa nane ingiza mkono polepole. Juu pana joto, chini pana ubaridi. Maji ya moto ni mepesi, kwa hivyo yanakalia yale ya baridi jinsi mafuta yanavyokalia mchuzi. Ziwa Victoria hufanya vivyo hivyo, ila beseni lake ni kilomita mraba 68,800 hivi. Na ingawa ni kubwa namna hiyo, si refu kwenda chini. Kina chake cha wastani ni mita 40 tu, na hata pale penye kina zaidi hapafiki mita 90. Ziwa Tanganyika, jirani yake, lina zaidi ya mita 1,400. Sisi tunaliita letu bahari kwa sababu hatuoni ng'ambo, lakini ni sinia.

Sasa, oksijeni inaingia ziwani kwa juu, kutoka hewani na kutoka kwa mwani unaotumia mwanga wa jua. Kule chini ni kuoza tu: majani, mwani uliokufa, mavi ya samaki, tope la mito. Vitu vinavyooza vinakula oksijeni. Kwa miezi mingi ya mwaka, kuanzia karibu Septemba mpaka kama Aprili au Mei, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri, na kule chini oksijeni inapungua hadi inakwisha kabisa sehemu nyingi. Kisha Juni, Julai na Agosti pepo za kusini mashariki zinavuma, maji ya juu yanapoa, ziwa zima linakorogwa. Hapo ndipo linavuta pumzi.

Ongeza joto na mambo yanaharibika. Maji ya juu yakizidi kupashwa, mfuniko unakuwa mzito kuondoa. Na kuna jambo hapa lililonikalisha chini. Maji yakiwa tayari ya moto, digrii moja tu ya ziada inabadilisha uzito wake zaidi kuliko digrii hiyohiyo kwenye maji baridi. Tofauti ya nyuzi 25 na 26 ni kubwa, kwa uzito wa maji, kuliko ya nyuzi 5 na 6. Kwa hivyo digrii moja Homa Bay si sawa na digrii moja Ulaya. Wenzetu wanaweza kuibeba. Ziwa letu, ambalo maji yake ya juu hukaa kwenye nyuzi 24 hadi 28 hivi, liko ukingoni siku zote.

Halafu kuna upande wa samaki mwenyewe. Lita moja ya maji safi ya nyuzi 20 yakiwa usawa wa bahari inaweza kubeba kama miligramu 9 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 yanabeba kama 7.5. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo hata hizo hazifiki. Wakati huohuo mwili wa samaki haujipashi wala kujipoza kama wetu. Maji yakipata joto, naye anapata joto, mwili unakimbia kasi, anahitaji pumzi zaidi na chakula zaidi. Yaani anaongezewa bili mwezi uleule anapunguziwa mshahara. Nadhani hakuna kijana wa Kenya anayehitaji kufafanuliwa hapo.

Anayeumia kwanza ni mbuta. Huyu bwana mkubwa, ambaye viwanda humkata minofu na kuiuza ng'ambo huku sisi tukibaki na mgongo wazi wa kukaanga, anahitaji oksijeni nyingi. Tabaka la chini likikosa hewa, yeye hupanda. Nafasi yake ya kuishi inabanwa kati ya joto la juu na chini pasipo pumzi. Na samaki aliyebanwa kwenye tabaka jembamba ni rahisi kuvuliwa, kwa hivyo kuna misimu unavua vizuri sana ukadhani ziwa limejaa, kumbe wamekimbilia kwako.

Kamongo hana shida hiyo. Kamongo anapanda juu na kuvuta hewa kama mimi na wewe. Mumi naye ana ujanja wake wa kupumua hewa. Fulu wengi wanavumilia maji mabaya kuliko mbuta. Ziwa halitabaki tupu hata kidogo, ila watabaki wale ambao bei yao haijawahi kujenga nyumba ya mtu.

Lakini ngoja. Sitaki kuandika kama watu wa makongamano, wanaoona tone la jasho na kusema ni tabianchi. Hili ziwa tumelikoroga sisi wenyewe kabla joto halijaja kumalizia.

Nyavu za kutega zililetwa upande wetu mwaka wa 1905. Haikupita miaka mingi ngege wakaanza kupungua, hata serikali ya mkoloni ikamleta Mwingereza Michael Graham kufanya uchunguzi wa samaki ziwani mwaka wa 1927 na 1928. Tatizo lilikuwa lilelile tunalobishania Sori leo: matundu ya wavu. Ningu, ambao walikuwa wakipanda mito kama Kuja mvua ikinyesha ili wakatage mayai, walitegewa nyavu midomoni mwa mito wakaisha karibu wote. Babu zetu hawakuhitaji joto lolote kulifanya hilo.

Kisha mbuta mwenyewe. Aliwekwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akakaa kimya kama miongo miwili, kisha miaka ya 1980 akalipuka. Fulu walikuwa wa aina mia tano hivi, wengi hawapatikani mahali pengine popote duniani. Mamia ya aina hizo zikapotea au kubaki kidogo sana. Ngege wa asili leo ukimtaka unaambiwa uende vijiziwa kama Kanyaboli kule Siaya. Yule tunayemla mkahawani na kumwita ngege mara nyingi ni nyamami, mgeni naye, aliyeletwa miaka ileile.

Na juu ya hayo kuna mbolea ya mashambani, maji machafu ya miji, misitu iliyokatwa, tope. Virutubisho vikiingia ziwani, mwani unanona. Ukisimama kwenye gati ya mji wa Homa Bay siku isiyo na upepo utaona maji ya kijani kizito, kama mtu amemwaga rangi. Mwanzoni rutuba hiyo ilisaidia: mwani mwingi, chakula kingi, samaki wengi. Ni kama kuongeza chumvi kwenye mboga. Kuna kiwango ambapo bado ni tamu, na ukishapita huwezi kuitoa.

Kwa hivyo joto halikukuta ziwa lenye afya. Limekuta mgonjwa wa pumu, likamfungia dirisha. Upande wa Kenya, Ziwa Victoria lilitoa karibu tani 200,000 za samaki kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1990. Miaka ya karibuni ni chini ya tani 100,000. Sehemu gani ya huo upungufu ni joto, sehemu gani ni nyavu, sehemu gani ni choo cha mtu, ukikutana na anayekupa asilimia kamili bila kusita, shika mfuko wako vizuri.

Sasa turudi kwa omena, kwa sababu ndio waliolipa karo ya nusu ya watu ninaowajua.

Mbuta alipowala fulu na oksijeni ikapungua, omena hawakukaa wakisubiri kufa. Watafiti waliopima samaki wa Ghuba ya Mwanza, Tanzania, kwa miaka mingi waligundua kwamba omena, ambao wenzetu huko huita dagaa, walibadilika mwili. Wakawa wanakomaa wakiwa wadogo zaidi, na matamvua yao yakabadilika ili kunasa oksijeni zaidi. Hayo hayakuchukua miaka elfu. Ni miongo michache tu, umri wa Waya. Aina moja ya fulu iliyokuwa karibu kutoweka ilirudi ikiwa na matamvua makubwa kuliko ya mababu zake. Nilipomsomea Waya hilo kwenye simu aliguna.

"Kwa hivyo ndiyo maana wamekuwa kama sindano," akasema. "Mimi nilidhani ni macho yangu yanazeeka."

Alikuwa amekuwa akilisema hilo miaka yote, kwamba omena wa zamani walikuwa wanene. Tulikuwa tunamcheka.

Sori nilikaa siku nne, kisha nikaenda Mbita. Njia ni ndefu kuliko unavyodhani ukitazama ramani, na mgongo wangu bado unaikumbuka. Binamu yangu alikuwa ameacha boti akaingia kwenye vizimba. Vizimba, kama hujui, ni mabwawa ya nyavu yanayoelea ziwani, ndani yake unafuga nyamami kwa chakula cha kununua. Siku hizi ukitoka Mbita kwenda Rusinga unaviona vimejipanga majini. Kwa vijana wengi wa Homa Bay ndio mpango mpya, na serikali na mashirika yanausifia, na kwa hesabu ya karatasi hauna ubaya: samaki wa porini wamepungua, wa China waliogandishwa wamejaa sokoni, basi tufuge wetu.

Karatasi haina upepo. Novemba 2022 wafugaji wa vizimba Kisumu na Homa Bay waliamka wakakuta samaki wao wanaelea tumbo juu. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ilieleza kwamba ni maji ya chini yasiyo na oksijeni yaliyopanda juu. Upepo ulikoroga beseni. Kile ambacho kwa ziwa zima ni kuvuta pumzi, kwa samaki aliyefungiwa kilikuwa ni kunyongwa. Yule wa porini akihisi maji yamekuwa mabaya anahama, akiwa na bahati. Wa kizimba atahamia wapi?

Binamu yangu hakupoteza siku ile, hakuwa ameanza. Alipoteza baadaye, kidogo kidogo, na mara moja kwa mkupuo. Aliniambia tukiwa tumekaa kwenye ukingo wa kizimba, miguu majini.

"Omera, wanakufa alfajiri. Kila mara ni alfajiri. Jioni unawalisha wanaruka, asubuhi unawachota na ndoo."

Nilikuwa nimesoma kuhusu hilo pia. Mwani unatoa oksijeni mchana, jua likiwepo. Usiku nao unapumua kama kiumbe kingine chochote na kuila oksijeni ileile. Maji yakiwa na mwani mwingi na ya moto, saa zile za kabla ya mapambazuko ndizo oksijeni huwa chini kabisa. Nilimweleza. Alinisikiliza vizuri, kisha akauliza kama kuna kipimo anachoweza kununua. Kipo, nikamwambia, na nikamwonyesha bei kwenye simu. Alicheka mpaka kizimba kikatikisika.

Mkopo wa chakula cha samaki anaulipa bado. Hakuna anayemuuliza kama samaki wako hai.

Kuna jambo moja la Mbita ambalo wazee wanapenda kulisimulia, na wana haki. Miaka ya 1980 barabara ya kuunganisha Mbita na Rusinga ilijengwa kwa kujaza mawe na udongo kwenye mlango wa maji. Maji yaliyokuwa yakipita kati ya ghuba na ziwa kubwa yakafungiwa. Ikabidi miaka mingi baadaye lijengwe daraja ili yapite tena. Ukitaka kujua jinsi tulivyolichukulia hili ziwa, kwamba tuliweza kuliziba koo kwa tingatinga na kuona tumepata maendeleo, mfano uko pale. Simama darajani utazame mkondo.

Wale ambao hawajaingia kwenye vizimba wanaenda mbali. Kutoka Muhuru Bay, chini kabisa ya Migori karibu na mpaka wa Tanzania, vijana wanakimbiza boti mpaka Migingo. Umeona picha zake: jiwe lililofunikwa mabati hata huoni jiwe, dogo kuliko uwanja wa mpira, mamia ya watu juu yake. Kenya na Uganda zimevutania kisiwa hicho tangu miaka ya 2000. Watu hucheka, nchi mbili kugombania mwamba. Wanaogombaniwa ni mbuta wa maji yanayouzunguka. Kenya ina takriban asilimia sita tu ya ziwa hili, na sehemu yake ni ghuba isiyo na kina, ya kijani, ya moto. Samaki hawajui mpaka. Wakifuata maji mazuri, wanaingia Uganda na Tanzania, na kijana wa Nyatike anayewafuata anakamatwa, boti inachukuliwa, injini inachukuliwa, samaki na nyavu vinachukuliwa. Kila mwaka tunasoma habari hizo kama ni habari za polisi. Kwangu mimi, kwa sehemu fulani, ni habari za joto la maji.

Mafuta ya kwenda huko nayo si mchezo. Anayekosa mafuta anageukia dhahabu ya Macalder, na huko zebaki inaoshwa na mvua kuelekea Mto Kuja, na Kuja unamwagika ziwani. Yaani hata anayelikimbia ziwa analipelekea zawadi.

Kuna msomaji atakayesema haya ni ya ziwa letu tu. La. Kule Tanganyika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba maji yamepata joto, hayachanganyiki kama zamani, na chakula kinachoanzisha maisha yote majini kimepungua kwa kama asilimia 20. Kule wanategemea ukorogaji huo ulete rutuba kutoka chini, sisi tunauhitaji upeleke pumzi chini. Huko pwani, mwaka wa 1998 joto la bahari liliyaua matumbawe mengi kuanzia Lamu hadi Tanzania, na samaki waliokuwa wakiishi humo wakakosa nyumba. Baharini kwenyewe, samaki wengi duniani wanasogea polepole kuelekea kusini na kaskazini ya mbali wakifuata baridi. Samaki wa bahari ana pa kusogea. Wetu amezungukwa na nchi kavu pande zote.

Niliporudi Sori kumuaga Waya ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwa nimekisoma popote, au pengine nilikisoma bila kukielewa. Tunaandika kuhusu samaki majini. Shida yake kubwa iko mchangani.

Omena akitoka majini anatakiwa kukauka siku hiyohiyo. Anatandazwa kwenye nyavu kuukuu juani, anageuzwa, jioni anauzwa kwa gorogoro. Jua likikubali, ni chakula cha watu, anaenda Gikomba, anaenda mpaka nchi jirani. Mvua ikimkuta, ananuka, anabadilika rangi, na mwenye lori la chakula cha kuku anakuja kumnunua kwa bei ya huruma. Waya amefanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini. Anasema zamani ungejua. Mvua kubwa ina miezi yake, mvua ndogo ina miezi yake, na kati yake jua ni lako. Sasa anatandaza kama mtu anayecheza kamari. Na maji yakipata joto, mvuke unaongezeka, na mvua nyingi inayoanguka kwenye ziwa hili inatokana na mvuke huo.

Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa 2019. Bahari Hindi upande wetu ilipata joto lisilo la kawaida, mvua ikamwagika Afrika Mashariki yote, na kufikia Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yamepita rekodi iliyowekwa mwaka wa 1964. Nilikuwa nimerudi nyumbani wakati huo, korona imefunga kila kitu. Nakumbuka pale ambapo Waya alitandazia omena palikuwa ndani ya maji ya kifuani. Vyoo vya ufuoni vilizama, na unajua yaliyomo yalienda wapi. Alihamia mbele ya kibanda cha jirani, kisha barabarani. Msimu ule hakununua omena hata wakipatikana, kwa sababu hakuwa na mchanga.

Karo yangu ya muhula uliofuata haikupatikana. Silisemi hilo nihurumiwe, kuna mengine yaliyonitoa chuoni ambayo ni yangu mwenyewe. Lakini mtu akiniuliza ninajuaje kuhusu viwango vya maji ya ziwa, hivyo ndivyo ninavyojua.

Asubuhi ya mwisho boti zilirudi mapema. Si nyingi, tatu au nne, lakini zilikuwa na kitu. Waya alisukumana, akatukana mtu kwa Kijaluo kizuri, akatoka na beseni tatu. Tulitandaza pamoja. Wanang'aa sana wakiwa wabichi, hao omena, wadogo kama alivyosema.

Tukakaa kwenye kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa. Nilikuwa nimemweleza yote kufikia hapo, mafuta juu ya mchuzi, matamvua, alfajiri za Mbita. Alikuwa kimya muda mrefu.

"Na hiyo pumzi ya ziwa," akauliza, "wakifunga uvuvi miezi minne, inarudi?"

Nikamwambia samaki wanapata nafasi ya kuzaana. Pumzi ni jambo lingine, hairudi kwa kufunga uvuvi.

"Basi wafunge hicho kinachoizuia."

Nilikuwa natafuta jinsi ya kumweleza kwamba kinachoizuia kimeanzia kwenye mashamba ya Kisii na viwanda vya nchi ambazo hatutafika, mimi na yeye, wakati alipoinuka ghafla na kutazama upande wa magharibi. Wingu lilikuwa limesimama juu ya maji, jeusi, saa nne ya asubuhi.

"Shika upande ule," akasema. Tukaanza kukunja nyavu, omena nusu wamekauka, matone ya kwanza yakiwa tayari yanapiga mabati.